Shahidi wa Upepo: Khabari za Saa ya Mwendo wa Ndege



Siku hizi ni shida kuona nyumba katika mwambao wetu isiyokuwa na mtu aliyepanda ndege. Mmoja amekwenda Hija, mwengine Maskati kuwatazama jamaa zake, mwengine Ulaya kwa masomo au kwa matibabu. Akishakaa kitini na kufunga mkanda, msafiri hushughulika na mambo yake: hutazama mawingu, hula alicholetewa, hulala. Ni wachache wanaojiuliza yule rubani, aliyeko mbele nyuma ya mlango uliofungwa, anajuaje kama chombo chake kinakwenda kwa kasi inayotosha kukiweka hewani.

Suala hili si dogo. Gari ikipungua mwendo hukawia kufika, na jahazi likipungua mwendo hukawia kufika. Ama ndege, ikipungua mwendo kupita kiasi chake, huanguka. Na ikizidisha mwendo kupita kiasi chake, yaweza kuvunjika. Baina ya mipaka hiyo miwili ndipo ilipo salama ya watu wote waliomo ndani, na anayemwambia rubani yuko wapi baina ya mipaka hiyo ni saa moja ndogo iliyo mbele ya macho yake. Leo tunataka kueleza saa hiyo ilitoka wapi, inafanyaje kazi, kwa nini marubani huiamini kuliko miili yao, na nini hutokea inaposema uongo. Ndani ya khabari hii mna funzo kwa kila mtu aliyekabidhiwa kazi, hata kama kazi yenyewe ni kupangusa vumbi.

MWENDO JUU YA NINI?

Kwanza yatupasa tufahamu mwendo wa ndege maana yake nini. Gari huhesabu mwendo wake kwa kuzunguka kwa magurudumu juu ya barabara. Mabaharia wa Ulaya wa zamani walikuwa wakitupa majini kipande cha ubao kilichofungwa kamba yenye mafundo, kisha wakahesabu mafundo mangapi yamepita mkononi kwa muda maalumu. Ndiyo maana mpaka leo mwendo wa meli na wa ndege huhesabiwa kwa mafundo, na fundo moja ni maili moja ya baharini kwa saa, yaani kilomita 1.852. Lakini ndege ikisharuka haigusi barabara wala maji. Haigusi kitu ila hewa.

Na hewa yenyewe haitulii. Kila nahodha anajua kuwa jahazi linaloshindana na mkondo laweza kukata maji kwa nguvu, povu likaruka omoni, na hali ukiutazama mnara wa pwani unaona chombo hakijasogea. Mwendo wake juu ya maji ni mkubwa, na mwendo wake kwa kipimo cha ardhi ni mdogo. Ndege na upepo ni vivyo hivyo.

Chukua mfano wa ndege ya kwanza yenyewe. Tarehe 17 Desemba 1903, huko Kitty Hawk katika Marekani, ndugu wawili, Wilbur na Orville Wright, waliirusha ndege yao yenye injini. Mara ya kwanza Orville alikwenda futi 120, yaani kiasi cha mita 37, kwa muda wa sekunde 12. Ukifanya hesabu utaona huo ni mwendo wa kilomita 11 kwa saa. Kijana anayekimbia angeipita. Lakini siku ile ulikuwa ukivuma upepo mkali wa mbele, wa kiasi cha kilomita 38 kwa saa. Kwa hiyo mabawa yalikuwa yakikata hewa kwa mwendo wa karibu kilomita 49 kwa saa, na huo ndio ulioinua chombo. Bawa halina khabari na ardhi. Linajua hewa inayopita juu yake na chini yake tu, na huo ndio mwendo ambao rubani anautaka.

Ndugu hao walilijua jambo hili vizuri. Katika ndege yao ile walifunga chombo cha Kifaransa cha kupimia upepo, pamoja na saa ya kuhesabu sekunde.

MHANDISI WA MTO SEINE

Ajabu ni kuwa chombo kinachotumika leo katika ndege kilibuniwa miaka 171 kabla ya siku hiyo, na kilibuniwa kwa ajili ya maji. Aliyekibuni ni Mfaransa, Henri Pitot, aliyezaliwa mwaka 1695 katika mji mdogo wa Aramon, kusini ya Ufaransa. Alikuwa mhandisi wa mambo ya maji.

Mwaka 1732 bwana huyu alikuwa akishughulika na swali hili: utajuaje mwendo wa mto chini ya uso wake? Ukitupa kijiti majini, kitakuonyesha mwendo wa juu tu. Pitot akachukua mirija miwili ya kioo akaifunga juu ya ubao. Mmoja umenyooka, na mwengine umepindwa chini, mdomo wake ukaelekezwa kule yanakotoka maji. Alipoizamisha, maji katika mrija ulionyooka yalisimama sawa na uso wa mto. Katika ule uliopindwa yalipanda juu zaidi, kwa sababu mto ulikuwa ukiyasukuma kuingia ndani. Kadiri mto unavyokwenda mbio ndivyo maji yanavyopanda. Mto uendao mita 1 kwa sekunde huyapandisha kiasi cha sentimita 5. Uendao mita 2 kwa sekunde huyapandisha kiasi cha sentimita 20. Basi ukipima tofauti baina ya mirija miwili, umeupata mwendo.

Wakati ule walikuwapo wataalamu walioshikilia kuwa mto huzidi kasi kila ukienda chini. Pitot alitia mirija yake katika mto Seine, katika mji wa Paris, akaona kinyume cha hayo: chini mto huenda polepole zaidi. Kipande cha kioo kiliyabatilisha maneno ya watu wakubwa, kwa sababu wao walikisia na kioo kilipima. Mwaka uleule aliieleza kazi yake mbele ya Akademia ya Sayansi ya Paris.

Katikati ya karne ya 19, Mfaransa mwengine, Henry Darcy wa mji wa Dijon, alilitengeneza vizuri zaidi bomba hilo na namna ya kulisoma. Kisha zikaja ndege. Marubani wa mwanzo walikaa wazi, upepo ukiwapiga usoni, na wengi wao waliukadiria mwendo kwa kusikiliza mlio wa nyaya zilizofunga mabawa. Baadaye katika ndege nyengine kilitumika kibati kilichosukumwa na upepo dhidi ya springi, na mshale ukaonyesha namba. Ndege za mafunzo za Tiger Moth zilikuwa nacho kwenye nguzo ya bawa. Lakini ndege zilipozidi kwenda mbio, na rubani akafungiwa ndani ya kioo, lilishinda bomba la yule mhandisi wa mto. Mpaka leo linaitwa kwa jina lake, bomba la Pitot.

JINSI INAVYOFANYA KAZI

Ukipata nafasi ya kuiona ndege kwa karibu, tazama chini ya bawa ikiwa ni ndege ndogo, au ubavuni mwa pua ikiwa ni ndege kubwa. Utaona kijibomba kifupi kilichoelekea mbele. Huo ni mdomo wa kwanza. Tazama tena ubavuni, utaona vitundu vidogo vilivyolala sawasawa na bati la ndege. Huo ni mdomo wa pili.

Mdomo wa kwanza hupokea hewa ambayo ndege inaigonga kwa mbele. Mdomo wa pili hupokea hewa ya mahali pale bila ya kugongwa, maana upepo unapita mbele ya vitundu hivyo wala hauingii kwa nguvu. Ni ile mirija miwili ya Pitot, mmoja uliopindwa na mmoja ulionyooka. Hewa zote mbili hupelekwa kwa vibomba mpaka kwenye saa. Ndani ya saa mna kijisanduku cha bati jembamba sana, kinachoweza kuvimba na kunywea kama pafu. Hewa ya mdomo wa kwanza huingia ndani yake. Hewa ya mdomo wa pili hukizunguka kwa nje. Ndege ikikaza mwendo, ya ndani huishinda ya nje, kijisanduku kikavimba, kikasukuma vijiti na vigurudumu vya meno, na mshale ukazunguka. Katika ndege kubwa za siku hizi kazi hiyo hufanywa na kompyuta, na namba huonekana kwenye kioo. Lakini midomo ni ileile.

Kwa hiyo, msomaji, zingatia hili, maana ndio msingi wa maneno yote yatakayofuata. Saa hii haiuoni mwendo. Inachokiona ni tofauti ya misukumo miwili ya hewa, kisha inaitafsiri tofauti hiyo kuwa mwendo. Ni shahidi anayesimulia alichokisikia kwa masikio mawili.

Na alichokisikia ni kidogo. Ndege inayokwenda mafundo 100 karibu na uso wa bahari, yaani kiasi cha kilomita 185 kwa saa, hupata msukumo wa ziada uliolingana na uzito wa maji ya kimo cha sentimita 16 au 17, hayafiki hata shibiri. Hewa iliyotulalia sisi sote kila siku ina uzito wa maji ya kimo cha mita 10. Mwendo ukizidi mara mbili, msukumo huzidi mara nne. Hata hivyo ni kitu chembamba, na juu ya wembamba huo zimetundikwa roho za watu mamia.

KWA NINI MARUBANI HUITEGEMEA

Bawa hubeba ndege kwa sababu hewa hupita juu yake kwa utulivu na kasi ya kutosha. Mwendo ukipungua, rubani hulazimika kuinua pua ili bawa lipate kubeba. Akiendelea kuinua, hufika mahali ambapo hewa haiwezi tena kulifuata bawa. Huachana nalo, ikavurugika, na bawa likaacha kubeba ghafla. Injini zaweza kuwa nzima na zinanguruma, na ndege ikaanguka vilevile. Khatari hii ilijulikana kabla ya ndege za injini. Mjerumani Otto Lilienthal aliruka mara nyingi sana kutoka vilimani kwa vyombo visivyo na injini. Tarehe 9 Agosti 1896 chombo chake kilipoteza mwendo hewani, kikaanguka naye kutoka kimo cha kiasi cha mita 15. Alikufa siku ya pili yake.

Huo ni mpaka wa chini. Mpaka wa juu ni ule ambao ukivukwa ndege yaweza kuharibika kwa nguvu ya hewa. Katika ndege ndogo mipaka hii hupakwa rangi juu ya uso wa saa: kijani ni mwendo wa kawaida, manjano ni wa hadhari, na mstari mwekundu haupitwi kabisa.

Huenda ukauliza: rubani hodari hawezi kuhisi mwenyewe? Hawezi. Mwili wa mwanaadamu hausikii mwendo. Husikia kubadilika kwa mwendo tu. Ndiyo maana katika ndege inayokwenda kilomita 900 kwa saa abiria hunywa chai yake isimwagike, na akifumba macho hawezi kukwambia kama wanakwenda mbio au wamesimama. Usiku, au ndani ya wingu, masikio ya ndani yanayotuwekea usawa humdanganya mtu mpaka akadhani anapanda na hali anashuka. Rubani hufundishwa tangu siku za mwanzo kuzikadhibisha hisia zake na kuziamini saa zake.

Iko na sababu nyengine. Juu sana, kiasi cha mita 12,000, hewa ni nyepesi, uzito wake unapata robo ya hewa ya pwani. Huko saa huonyesha karibu nusu tu ya mwendo halisi wa ndege. Mtu asiyejua atasema saa imekosea. Haikukosea, kwa sababu bawa nalo linaipata hewa ileile nyepesi. Ikiwa kijibomba kinasukumwa kidogo, na bawa linabebwa kidogo. Saa humpa rubani khabari ile hasa ambayo bawa linaihitaji, na kwa hiyo mpaka wa kuanguka hubakia karibu na namba ileile, awe chini au awe juu.

SHAHIDI AKIZIBWA MDOMO

Shahidi huyu ni mkweli kwa tabia yake. Lakini hana uwezo wa kujua kama mdomo wake umezibwa. Akizibwa hanyamazi, huendelea kusema, na hayo ndiyo yanayoua.

Kijibomba kikiziba kabisa, hewa iliyomo ndani hufungika. Ndege ikipanda, hewa ya nje hupungua uzito, na ile iliyofungika hubaki vilevile. Kijisanduku huvimba na mshale ukapanda, kana kwamba ndege inazidi mbio. Rubani akiona hivyo huinua pua ili apunguze mwendo, na kumbe mwendo halisi ndio unaomwishia.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa tarehe 1 Desemba 1974 katika jimbo la New York. Ndege ya Boeing 727 ilikuwa ikienda Buffalo kuchukua timu ya mchezo, haina abiria, ina wanaanga watatu. Mabomba ya Pitot yana umeme wa kuyapasha moto yasigande barafu, na swichi zake hazikuwa zimewashwa. Barafu ikaziba. Saa zikaonyesha mwendo unazidi na kuzidi, wanaanga wakazidi kuinua pua, mpaka bawa likaacha kubeba. Wote watatu walikufa. Swichi ni kitu cha kuwashwa kwa ncha ya kidole.

Tarehe 6 Februari 1996, ndege ya Boeing 757 iliruka usiku kutoka Puerto Plata, katika Jamhuri ya Dominika, kuelekea Ujerumani. Ilikuwa imekaa siku nyingi uwanjani bila ya mabomba yake kufunikwa. Wachunguzi waliona kuwa sababu iliyo karibu zaidi ni mdudu: nyigu wa aina ile tunayemjua sote, ajengaye kijumba cha udongo penye tundu. Kapteni aliona wakati ndege bado inakimbia ardhini kuwa saa yake haifanyi kazi, na akaendelea kuruka. Walipopanda, saa ile ikafufuka na kuonyesha mwendo mkubwa kupita kiasi, na mtambo wa kujiongoza, uliokuwa ukisikiliza upande wa kapteni, ukainua pua. Mbele ya rubani msaidizi ilikuwapo saa nyengine iliyosema kweli, kuwa mwendo unapungua. Fadhaa ikashinda uamuzi, na ndege ikaanguka baharini. Watu 189 walikufa.

Miezi minane baadaye, tarehe 2 Oktoba 1996, Boeing 757 nyengine iliondoka Lima, Peru, usiku, kwenda Santiago, Chile. Ilikuwa imetoka kuoshwa. Waoshaji walikuwa wamevifunika vile vitundu vya ubavuni kwa utepe wa kunata ili maji yasiingie, na kazi ilipokwisha utepe haukubanduliwa. Rangi yake ilifanana na bati la ndege, na waliokagua hawakuuona. Ndege ilipokuwa hewani, saa ya mwendo na saa ya kimo zote mbili zikasema uongo, maana zote mbili zinakunywa katika vitundu hivyo. Kengele zikagongana: moja inasema mnakwenda mbio mno, moja inasema mtaanguka kwa kukosa mwendo.

Hapa, msomaji, zingatia sana. Marubani walifanya lililo la busara: wakamuuliza mwongoza ndege aliyeko chini awaambie wako kimo gani. Akawajibu kuwa rada yake inaonyesha futi 9,700. Wakatulia. Lakini namba ile haikupimwa na rada. Ilirushwa na ndege yenyewe, kutoka kwenye vitundu vilevile vilivyozibwa. Walidhani wamepata shahidi wa pili, na kumbe ni yule wa kwanza amewarudia kwa sauti ya mtu mwengine. Shahidi wa kweli alikuwapo: mtambo unaopima kimo kwa mawimbi ya redio yanayogonga chini na kurudi, usiotumia vitundu hivyo. Huo uliwaonya tena na tena kuwa chini kuko karibu. Ubawa ukagusa maji ya bahari wakati saa ya kimo bado inasema wako juu. Watu wote 70 walikufa.

Na tarehe 1 Juni 2009, Airbus A330 iliyokuwa ikitoka Rio de Janeiro kwenda Paris ilipita penye mawingu ya dhoruba, kimo cha kiasi cha mita 10,700. Chembe za barafu zikaziba mabomba yake. Namba za mwendo ziliharibika kwa muda usiofika dakika moja, kisha zikaanza kurudi. Lakini katika dakika hiyo mtambo wa kujiongoza ulijitoa, na rubani aliyekuwa akiongoza akavuta pua juu. Ndege ikapanda, ikaishiwa mwendo, ikaanza kuanguka, na onyo la kuanguka likalia mara nyingi. Ilichukua kiasi cha dakika tatu na nusu kufika baharini. Watu 228 walikufa. Mashine za kunasa khabari za safari zilipatikana mwaka 2011 chini ya bahari, kwenye kina cha kiasi cha mita 3,900, na ndipo yalipojulikana yaliyopita. Hatusemi haya kuwalaumu waliokufa. Gizani, katika dhoruba, kengele zikilia, ni wachache wanaobaki na akili iliyotulia. Tunasema kwa sababu dawa ilikuwapo, na ilikuwa nyepesi: kuiacha pua pale ilipokuwa, na injini kama zilivyokuwa. Ndege iliyokuwa ikiruka sawasawa haiachi kuruka kwa sababu tu saa yake imenyamaza.

WALIORUDI SALAMA

Yasikutishe haya, ndugu msomaji. Ndege huruka kila siku, na saa hizi husema kweli. Na kila msiba uliozidisha elimu umezuia misiba mingine. Siku hizi ndege kubwa ina mabomba matatu, kila moja na njia yake. Wakati wa kuruka, ndege ikifika mafundo 80 au 100 bado ingali ardhini, marubani wawili hulinganisha saa zao kwa sauti. Zikihitilafiana, huisimamisha ndege papo hapo. Na hufundishwa kwa moyo: pua ikiwa pembe hii, na nguvu ya injini ikiwa kiasi hiki, mwendo utakuwa huu, hata kama saa zote zimekufa.

Matunda ya mafunzo hayo yalionekana tarehe 18 Julai 2018, katika mji wa Brisbane, Australia. Katika uwanja ule nyigu ni wengi, na hujenga upesi. Kwa hiyo ndege zikitua hufunikwa mabomba yake. Usiku ule Airbus A330 iliyokuwa ikienda Kuala Lumpur ilifunikwa kwa nia njema kabisa, kisha vifuniko vikasahauliwa. Kifuniko kilichowekwa kumlinda shahidi ndicho kilichomziba mdomo. Ukaguzi wa kabla ya safari haukuviona, na ndege ikaruka na watu 229. Marubani walipoona namba za mwendo hazieleweki, hawakuzifuata. Waliizima mitambo iliyokuwa ikitegemea mabomba yale, wakatumia kipimo chengine kinachotazama pembe ya hewa inayolikuta bawa, na waongozaji wa chini wakawapa mwendo wa ndege juu ya ardhi. Wakazunguka, wakarudi, wakatua. Hakuna aliyeumia.

FUNZO LETU

Ukiyapima matukio haya yote, utaona kuwa hakuna hata moja lililosababishwa na kitu kikubwa. Swichi, udongo wa nyigu, utepe, chembe za barafu, kifuniko cha kitambaa. Na waliogusa vitu hivyo wengi hawakuwa marubani. Mwoshaji wa ndege hapewi cheo wala hatangazwi jina lake kwa abiria, lakini usiku ule katika mji wa Lima alikuwa na amana sawa na ya kapteni. Wengi wetu kazi zetu ni za namna hiyo. Karani anayeandika namba katika daftari, mpishi anayefunika maji, muuguzi anayesoma kipimo cha homa, mama anayempimia mtoto dawa kwa kijiko: kila mmoja kuna mtu mahali asipopaona anayeamua kwa kutegemea kuwa kazi ile imetimizwa.

Funzo la pili ni la kila nyumba. Khabari ikizunguka mtaani kwa vinywa kumi, tusiseme imethibiti kwa kuwa vinywa ni kumi. Tuulize vinywa hivyo vimesikia kwa nani. Ikiwa wote wamekunywa katika tundu moja, basi shahidi ni mmoja, na huenda tundu lile limezibwa. Ni ndoa ngapi zimevunjika, na jamaa wangapi wamehasimiana, kwa namba futi 9,700 iliyorudishwa na mtu mwengine! Shahidi wa pili ni yule aliyeona kwa njia yake mwenyewe.

Na la tatu: asiyejua kipimo chake kimesimama juu ya nini, hatajua siku kitakapoanguka. Rubani huitegemea saa yake, na anafanya haki, kwa kuwa mwili wake ungemdanganya zaidi. Lakini anaitegemea akijua inavyosikia, inavyoweza kuzibwa, na la kufanya ikizibwa. Na elimu hiyo ameitafuta ardhini, siku za raha, kabla ya dhoruba.

Utakaposafiri tena, na ukapata kiti cha dirishani, tazama chini kabla ya mlango kufungwa. Huenda ukamwona mtu mmoja anaizunguka ndege kwa miguu, ana tochi mkononi, anainama chini ya pua, anakitazama kijibomba na vile vitundu. Usione kuwa anakuchelewesha. Anahakikisha kuwa shahidi wako ana mdomo wazi.